Ugomvi wa 'aina': Waandishi wa programu na ngeli zao

UKIANDIKA nambari ya simu ya Mkenya katika jedwali la Excel bila kulionya mapema, sufuri ya mwanzo hutoweka. Uliandika 07 na tarakimu nyingine nane. Jedwali linakuonyesha 7 na hizo nane. Makarani wa shule, makatibu wa vyama vya akiba na waweka hazina wa kamati za harusi wanaijua adha hii. Mashine haikukosea hesabu. Ilidhani umeandika idadi, na sufuri inayotangulia idadi haina kazi. Kumbe wewe uliandika jina, ila jina lenyewe limeundwa kwa tarakimu. Nani amewahi kujumlisha nambari za simu, au kuzigawa kwa mbili?

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi ambao wataalamu wa kompyuta wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 50. Je, mashine iruhusiwe kukisia kitu ulichoandika ni cha aina gani, au ikulazimishe kuitambua aina hiyo na kukukatalia ukiikiuka? Wanaopenda ukali husifu lugha zenye 'aina kali'. Wanaopenda uhuru hutetea lugha zenye 'aina legevu'. Wakikutana, hawamalizani upesi.

Nimeona nisimulie historia ya ugomvi huu katika safu ya lugha kwa sababu mbili. Kwanza, ni ugomvi wa sarufi, na sisi tuliolelewa na ngeli tuna la kusema. Pili, sehemu kubwa ya kelele zake imetokana na istilahi zisizofafanuliwa, ugonjwa ambao wanaisimu wanaufahamu vizuri.

Ngeli ya kompyuta

Kumbukumbu ya kompyuta haina maneno wala picha. Ina sufuri na moja tu. Mfuatano 01000001 unaweza kuwa nambari 65. Mfuatano uo huo, ukisomwa kwa utaratibu mwingine, ni herufi A. Mashine yenyewe haijali. Anayejali ni mwandishi wa programu, na kwa hivyo lugha anayoitumia humpa makundi: hizi ni nambari kamili, hizi ni nambari zenye desimali, haya ni maandishi, hizi ni tarehe, hili ni jibu la ndiyo au la. Makundi hayo ndiyo aina. Kila aina ina vitendo vinavyokubalika kwake. Nambari mbili huzidishwa. Majina mawili hayazidishwi.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Nomino ikishaingia katika ngeli fulani, huvuta kivumishi, kiwakilishi na kitenzi vifuatane nayo. 'Kitabu changu kimepotea' inapita. 'Kitabu wangu amepotea' inakataliwa na sikio kabla akili haijatafuta sababu. Upatanisho wa kisarufi, kwa maana hiyo, ni ukaguzi wa aina. Faida yake ni kwamba kosa hujulikana mapema, tena mahali palepale lilipotokea.

Mlinganisho huu una mipaka. Ngeli zetu hazikubuniwa na kamati, na hakuna mtu anayekufa kwa sababu ya kivumishi kilichopotoka. Katika kompyuta, kama tutakavyoona, mambo yanaweza kwenda mrama vibaya zaidi.

Kutoka kwa kinyozi hadi FORTRAN

Wazo la kutenga vitu kwa aina ili kuzuia upuuzi halikuanza na kompyuta. Mwaka 1901, Mwingereza Bertrand Russell aligundua ufa katika misingi ya hisabati. Tuseme kuna seti ya seti zote zisizojibeba zenyewe. Je, seti hiyo inajibeba? Ukisema ndiyo, jibu linageuka kuwa la. Ukisema la, linageuka kuwa ndiyo. Ni kama kinyozi wa kijijini anayewanyoa wote wasiojinyoa, na hao tu. Yeye ananyolewa na nani? Mwaka 1908 Russell alichapisha nadharia yake ya aina: vitu vipangwe kwa ngazi, na kitu kisiruhusiwe kujitaja katika ngazi yake chenyewe. Swali linaloleta kitendawili halijibiwi. Linakataliwa kuwa swali. Mwaka 1940 Mmarekani Alonzo Church aliliunganisha wazo hilo na mfumo wake wa kukokotoa, na huo ndio mzizi ambao wananadharia wa lugha za kompyuta walikuja kuuchimba baadaye.

Wahandisi walifika kwenye aina kwa njia nyingine kabisa, njia ya haja. Lugha ya FORTRAN, iliyotengenezwa na kundi la John Backus katika kampuni ya IBM, ilitoka mwaka 1957. Kompyuta ya siku hizo ilihifadhi nambari kamili kwa namna moja na nambari zenye desimali kwa namna nyingine, kwa hivyo ilibidi ielezwe ipi ni ipi. Backus na wenzake walitumia hila ambayo Mswahili ataifurahia: walitazama herufi ya kwanza ya jina. Kigeu, yaani jina linalobeba thamani ndani ya programu, kikianza na mojawapo ya herufi kuanzia I hadi N, kilihesabiwa kuwa cha nambari kamili. Vingine vyote vilikuwa vya desimali. Kiambishi cha mwanzo kilitaja ngeli!

Kutokana na kanuni hiyo ulizuka utani wa wahandisi: katika FORTRAN, jina GOD ni 'halisi' hadi litangazwe vinginevyo, kwa sababu linaanza na G, na nambari zenye desimali huitwa nambari halisi. Utani huo ukiuleta kwetu unabadilika. MUNGU anaanza na M, kwa hivyo ni nambari kamili: Mmoja, asiye na desimali.

Hila hiyo ilikuwa na hatari yake. Ukikosea tahajia ya jina, FORTRAN haikulalamika. Ilidhani umeunda kigeu kipya, ikakikisia aina yake, ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. ALGOL 60, lugha iliyobuniwa na kamati ya wataalamu wa Ulaya na Marekani, ilikataa mtindo huo. Ilidai kila kigeu kitangazwe pamoja na aina yake kabla ya kutumiwa. Wakati huohuo, LISP ya John McCarthy, iliyoanza mwaka 1958 katika chuo cha MIT, ilishika njia ya tatu. Jina halikuwa na aina. Thamani ndiyo iliyokuwa nayo. Jina lilelile lingebeba nambari asubuhi na orodha ya maneno jioni.

Basi kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 tayari kulikuwa na majibu matatu: aina ikisiwe kwa jina, aina itangazwe, au aina ibebwe na kitu chenyewe. Yote yaliyofuata ni watoto na wajukuu wa majibu hayo.

Wanyamavu na wakali

Jibu la nne lilitoka kwa watu waliochoka na habari ya aina. Mwaka 1967 Martin Richards wa Cambridge alitoa BCPL, lugha yenye aina moja tu: neno la mashine, kifungu cha biti na basi. Ukitaka kukijumlisha kifungu hicho, utakijumlisha. Ukitaka kukitumia kama anwani ya mahali katika kumbukumbu, ni shauri yako. Ken Thompson wa maabara ya Bell aliifupisha lugha hiyo, akaiita B. Kisha maabara ikanunua kompyuta mpya, PDP-11, iliyoweza kuzifikia baiti moja moja. B haikujua kutofautisha baiti ya herufi na neno zima la nambari, na kazi ikawa nzito. Dennis Ritchie akalazimika kuongeza aina, na kufikia mwaka 1972 lugha mpya ilikuwa imepata jina: C.

Mnaona kilichotokea? Hakuna mwanafalsafa aliyemshawishi Ritchie. Aina zilirudi kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa na vitu vya ukubwa tofauti. Lakini C ilihifadhi tabia ya ukoo wake. Ina aina, na wakati uo huo inampa mwandishi ruhusa ya kuzivuka apendapo. Herufi A ukiijumlisha na 1 inakupa 66 bila swali. Anwani ya kitu kimoja unaweza kuigeuza ionekane kuwa anwani ya kitu kingine, na C itakuamini. Falsafa yake ni kwamba mwandishi anajua anachofanya.

Upande wa pili alisimama Niklaus Wirth wa Zürich, Uswisi. Pascal yake, iliyotoka mwaka 1970, ilikusudiwa kufundishia, na ilikuwa kali kama mwalimu wa zamu. Herufi si nambari. Nambari si jibu la ndiyo au la. Ukitaka kubadilisha, useme wazi.

Mwaka 1981 Brian Kernighan, mwenzake Ritchie katika maabara ya Bell, aliandika makala kueleza kwa nini Pascal haikuwa lugha aliyoipenda. Hakuandika kwa chuki. Alikuwa ametoka kushirikiana na P. J. Plauger kuandika upya kwa Pascal programu zilizokuwa katika kitabu chao cha awali, na malalamiko yake yalikuwa ya fundi aliyekwaruzwa na zana. Katika Pascal ya wakati huo urefu wa orodha ulikuwa sehemu ya aina yake. Kwa hivyo ukiandika utaratibu wa kupanga majina 10 kwa alfabeti, utaratibu huo haukubali kupanga majina 20. Hebu fikiria kivumishi ambacho kinakubali vitabu kumi na kukataa vitabu ishirini! La pili, alisema, Pascal haikuwa na mlango wa nyuma. Fundi mwenye sababu njema ya kuikiuka sheria hakuwa na namna.

Hoja ya Kernighan ingali na uzito. Sheria inayokataza makosa inaweza pia kukataza mambo mema ambayo aliyeitunga hakuyawazia. Hata hivyo, haithibitishi kwamba ukali ni mbaya. Inathibitisha kwamba aina za Pascal zilikuwa chache na ngumu kupinda.

Na dawa ilikuwa imeshaanza kupikwa Edinburgh. Robin Milner na wenzake walikuwa wameunda lugha ya ML, na mwaka 1978 Milner alichapisha makala iliyoonyesha kwamba mashine inaweza kuzibaini aina yenyewe kwa kusoma programu, bila mwandishi kuzitangaza, na bado ikawa kali. Tena utaratibu mmoja uliweza kupanga orodha ya kitu chochote, mradi ulinganisho wake ujulikane. Milner alithibitisha kihisabati kwamba programu iliyopita ukaguzi huo haiwezi kuanguka kwa kosa la kuchanganya aina. Ukali haukuhitaji tena kuwa mzigo wa maandishi.

Neno moja, maana tatu

Sasa tuje kwenye istilahi, kwani hapa ndipo watu wenye akili timamu wamepoteza jioni nyingi.

Mwaka 1974, Barbara Liskov na Stephen Zilles waliifasili lugha yenye aina kali kuwa ile ambayo kila kitu kinapopelekwa kutoka sehemu moja ya programu hadi nyingine, aina yake lazima iafikiane na ile iliyotangazwa na mpokeaji. Fasili hiyo ni safi. Tatizo ni kwamba wengine walilichukua neno hilohilo wakalipa maana zao. Kuna wanaosema lugha ni kali ikiwa inakagua kabla programu haijaanza kufanya kazi. Kuna wanaosema ni kali ikiwa haibadilishi aina kimyakimya. Kuna wanaosema ni kali ikiwa haina mlango wa nyuma. Watu wawili wanaweza kubishana hadi usiku wa manane iwapo C ni kali au legevu, na wote wakawa wanasema kweli, kila mmoja kwa fasili yake.

Nionavyo mimi, mkanganyiko mkubwa ni wa kuchanganya maswali mawili. La kwanza ni la wakati: ukaguzi unafanyika lini? La pili ni la msimamo: kosa likigunduliwa, lugha inakataa au inasamehe? Ninapendekeza tuyape maswali haya majina tofauti kwa Kiswahili, kabla hatujarithi vurugu za wenzetu. Kwa swali la wakati tuseme 'ukaguzi wa mapema', unaofanywa programu ikiwa bado mezani, na 'ukaguzi wa papo', unaofanywa programu ikiwa inakimbia. Kwa swali la msimamo tubaki na 'aina kali' na 'aina legevu'.

Tukifanya hivyo, giza linapungua. Java na ML zina ukaguzi wa mapema na ni kali. C ina ukaguzi wa mapema na ni legevu. Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ina ukaguzi wa papo na ni kali: ukiiambia ijumlishe maandishi '5' na nambari 3, inasimama na kukataa. JavaScript ina ukaguzi wa papo na ni legevu. Ukiipa maandishi '5' ujumlishe na 3, inakupa '53'. Ukiipa '5' utoe 3, inakupa 2. Ishara ya kujumlisha huyaunganisha maandishi, ile ya kutoa hujua nambari pekee, na lugha haikuulizi ulikusudia nini.

Roketi na sayari

Wapo wanaoudhani huu kuwa mchezo wa wasomi. Hebu tuangalie tarehe mbili.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kutoka Kourou katika Guiana ya Ufaransa. Haikutimiza hata dakika moja. Ilipinda, ikasambaratika angani pamoja na setilaiti nne za utafiti. Chanzo kilikuwa thamani moja ya desimali, iliyohifadhiwa kwa biti 64, iliyokuwa ikigeuzwa kuwa nambari kamili ya biti 16. Ilikuwa kubwa mno, haikutosha. Sehemu hiyo ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi ambayo haikuwa na mwendo wa kuleta thamani kubwa namna hiyo.

Lugha iliyotumika haikuwa legevu. Ilikuwa Ada, iliyobuniwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kundi lililoongozwa na Mfaransa Jean Ichbiah, mojawapo ya lugha kali kuliko zote. Ada ililigundua kosa. Lakini wahandisi, kwa kuogopa kuilemea kompyuta ya roketi, walikuwa wameamua kwamba kati ya thamani saba zenye hatari, nne zitawekewa kinga na tatu ziachwe. Iliyolipuka ilikuwa miongoni mwa zile tatu. Ukali wa lugha hauwezi kukulinda dhidi ya uamuzi wako mwenyewe wa kufungua mlango.

Tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha Marekani kilichopelekwa kuchunguza hali ya hewa ya Mihiri, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika huko. Programu ya mkandarasi ilitoa vipimo vya msukumo kwa pauni, vya mfumo wa Kiingereza. Programu ya NASA ilivisoma kana kwamba ni vya newtoni, vya mfumo wa metriki. Tofauti yake ni zaidi ya mara nne. Kwa mashine zote mbili, hizo zilikuwa nambari za desimali tu, aina moja. Zingepewa aina mbili, 'pauni' na 'newtoni', na aina hizo zikaguliwe zilipokuwa zikitoka mkono mmoja kwenda mwingine kama alivyotaka Liskov, kosa hilo lingekuwa na mahali pa kunaswa.

Matukio haya mawili yanatufunza mambo yanayokwenda pamoja. La pili linasema aina zilikuwa chache mno. La kwanza linasema aina peke yake hazitoshi.

Kurudi kwa mwalimu mkali

Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilitaka lugha ndogo ya kuchangamsha kurasa za intaneti. Brendan Eich aliitengeneza JavaScript ya kwanza kwa siku 10. Ilikusudiwa watu ambao si wahandisi, waandike mistari mitatu minne, mambo yaende. Katika hali hiyo ulegevu ulikuwa huruma: ukurasa wenye kasoro ndogo ni bora kuliko ukurasa mtupu. Kisha intaneti ikakua, na lugha ya mistari mitatu ikabebeshwa programu za mistari laki kadhaa, zinazoandikwa na mamia ya watu wasiojuana.

Ndipo historia ikageuka. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina na ukaguzi wa mapema. Kiongozi wake alikuwa Mdenmaki Anders Hejlsberg, yuleyule aliyeandika Turbo Pascal iliyotoka mwaka 1983. Mwaka 2014 Facebook, iliyojengwa kwa lugha legevu ya PHP, ilitoa Hack, ndugu ya PHP mwenye aina zinazokaguliwa mapema. Mwaka 2015 Python nayo ikaruhusu, bila kulazimisha, mwandishi atangaze aina. Wananadharia walikuwa wameshaandaa njia: mwaka 2006 Jeremy Siek na Walid Taha walikuwa wameeleza jinsi programu moja inavyoweza kuwa na sehemu zilizotangaza aina na sehemu ambazo hazijatangaza, zikaishi pamoja.

Je, kuna ushahidi kwamba ukali unasaidia? Upo, lakini hautoshi kumnyamazisha mtu. Mwaka 2014 Baishakhi Ray na wenzake walichunguza miradi 729 ya programu wakaona lugha kali zikihusiana na upungufu mdogo wa makosa; mwaka 2019 watafiti wengine walirudia uchambuzi huo, na sehemu kubwa ya matokeo haikusimama. Mwaka 2017 Zheng Gao, Christian Bird na Earl Barr walichukua makosa yaliyokwisha kutokea katika programu za JavaScript, wakauliza ni mangapi yangenaswa laiti aina zingetangazwa. Walipata asilimia 15. Anayependa ukali atasema hiyo ni nyingi. Anayependa uhuru atauliza kuhusu hizo 85 zilizobaki.

Kitabu yangu, kitabu changu

Hapa Kenya tunao mjadala wetu unaofanana na huu. Barani, na hasa Nairobi, utasikia 'kitabu yangu imepotea' mara nyingi kuliko 'kitabu changu kimepotea'. Msemaji ameweka karibu kila kitu kisicho na uhai katika I-ZI, akafanya ngeli moja itumike kwa kazi ya ngeli nyingi. Msikilizaji anaelewa, maisha yanaendelea. Mwalimu naye anachukua kalamu nyekundu.

Hata darasani kwenyewe tumewahi kugawanyika. Wanasarufi wa zamani, wakifuata njia ya Mjerumani Carl Meinhof, walizitambua ngeli kwa viambishi vya nomino, kama FORTRAN ilivyotazama herufi ya kwanza. Kwa mtazamo huo 'kifaru' ni KI-VI. Lakini kifaru hakikimbii, kifaru anakimbia. Shule zetu ziliamua kufuata upatanisho: kifaru, kiboko, kipofu na kijana wako A-WA kwa sababu ndivyo vinavyotenda katika sentensi. Waandishi wa Python wana kanuni kama hiyo: kikitembea kama bata na kulia kama bata, kichukulie kuwa bata, usiulize cheti chake.

Kwa nini basi ulegevu wa 'kitabu yangu' hauleti maafa, ilhali ule wa Excel unaleta? Kwa sababu mbele ya msemaji yupo msikilizaji mwenye akili. Akitatizika atauliza, 'Unamaanisha kipi?' Mashine legevu haiulizi. Inakisia, inanyamaza, na kisio lake linasafiri hadi kwa mtu wa mbali. Wanajenetiki wameyaonja hayo. Excel ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kama SEPT2 kuwa tarehe za Septemba, na uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta kasoro za namna hiyo katika takriban moja kati ya makala tano zilizoambatanisha majedwali ya jeni. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilitangaza mabadiliko: jeni za ukoo huo sasa huanza na SEPTIN. Binadamu walibadilisha majina ya jeni zao ili kuipisha programu ya kupangia hesabu!

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema huu ni ugomvi wa ladha, kama chai ya tangawizi na chai ya maziwa. Swali la kuuliza ni: kosa likipita, atakayelipa ni nani? Anayeandika programu ya kujaribu wazo lake, aisome mwenyewe jioni na kuifuta kesho, ana haki ya ulegevu. Anayelipa ni yeye. Lakini programu inayoshika kipimo cha dawa cha mgonjwa, nambari ya kitambulisho ya mzee anayesubiri pensheni au alama za mtihani za mtoto wa Turkana, humtoza mtu ambaye hakuwepo ilipoandikwa na hawezi kuuliza. Hapo ninataka mwalimu mkali, tena mwenye aina nyingi za kutosha kutenganisha miligramu na gramu.

Watoto wetu wameanza kufundishwa kuandika programu shuleni, aghalabu kwa Kiingereza, na wanafikishwa kwenye dhana ya aina kana kwamba ni mgeni kutoka ng'ambo. Si mgeni. Mtoto wa darasa la nne aliyekwisha kutenganisha 'mtoto huyu' na 'kiti hiki' amekuwa akifanya ukaguzi wa aina tangu alipoanza kusema. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta wakikaa meza moja, somo hilo litachukua kipindi kimoja badala ya muhula mzima.